Jino la Mpiga Tarumbeta

Katika usharika wetu, kwenye vilima vya juu ya Uyole, marehemu husomwa mara moja tu. Alfajiri ya Pasaka, kabla jua halijachomoza, watu wote huenda makaburini wakiwa na taa za chemli, wapiga tarumbeta wakitangulia. Tukishafika, mchungaji husoma majina ya wale walioitwa na Bwana tangu Pasaka iliyopita. Kila jina likisomwa, tarumbeta hujibu kwa mstari mmoja wa wimbo, kisha watu huimba ubeti. Mwaka unaofuata jina hilo halisomwi tena. Desturi hii tuliletewa na wamisionari, lakini nadhani sisi ndio tulioipenda zaidi.

Mama yangu alifariki mwezi wa Agosti, katikati ya miaka ya hamsini, baridi ilipokuwa kali. Mimi nilikuwa kijana, seremala wa misheni, na katika bendi yetu nilikuwa napiga tarumbeta ya kwanza, ile inayobeba wimbo wenyewe. Tuliporudi kutoka mazishini baba akaniambia, "Mama yako atasomwa Pasaka. Utampigia wewe."

Baba hakuwa mtu wa kurudia maneno. Nikaitikia, nami nikaanza kuufanyia mazoezi mstari ule mmoja kila jioni nyuma ya karakana, mpaka mbuzi wa jirani wakauzoea.

Mwezi wa Januari nikavunja jino.

Kwa miaka mingi kila aliyeniuliza nilimweleza kwamba barabara ilikuwa mbovu. Ni kweli, ilikuwa mbovu. Lakini kwa kuwa sasa nimezeeka, na karibu nitaeleza habari hii mbele ya Yeye ambaye hahitaji kuelezwa, heri nijizoeze mapema. Tulikuwa tunatoka kupiga harusini, bendi nzima nyuma ya lori, na kwaya ya wasichana ilikuwa imeketi nasi. Kiongozi wetu wa bendi, mwalimu wa shule ya misheni, alikuwa ametukataza kabisa kupiga tarumbeta ndani ya gari linalokwenda. Msichana mmoja wa sauti ya pili akasema hadhani mtu anaweza kupiga amesimama bila kushika kitu. Nikasimama. Nilipiga vizuri sana, kwa muda wa kama pumzi mbili. Kisha gurudumu likaingia shimoni, tarumbeta ikarudi kinywani kwa haraka kuliko ilivyotoka, na jino langu la mbele, la juu, likakatika katikati.

Msichana yule alicheka, kisha akalia. Sikumwoa.

Mtu asiyepiga tarumbeta hawezi kujua kazi ya meno ya mbele. Midomo inabana, lakini meno ndiyo yanayoishikilia midomo kwa nyuma kama ukuta. Ukuta ukiwa na pengo, hewa inapita inapotaka. Zaidi ya hapo, jino lililokatika lilikuwa na kitu cheupe ndani yake ambacho hakikupenda hewa ya baridi, na pale kwetu hewa nyingine haipo. Jumatano iliyofuata nilipiga mstari wangu mbele ya bendi huku machozi yananitoka. Mwalimu akainua mkono, wote wakanyamaza.

"Bwana," akaniambia, "unapiga tarumbeta au unapoza uji?"

Nilianza na njia za kiseremala. Kwanza nilijaza pengo kwa nta ya nyuki, ikayeyuka. Kisha nikachonga kipande cha mbao ya mninga kwa umbo la nusu ya jino, nikakisugua kwa msasa, nikakibandika kwa nta. Kilikaa vizuri kwa beti tatu. Katika ubeti wa nne nilivuta pumzi na kukimeza. Nilikuwa fundi mzuri hata hivyo. Kilipita bila kunikwaruza.

Nikaenda kwa dresa, mfunga vidonda wa zahanati ya misheni. Alikuwa mtu mwema, mwenye koleo moja.

"Fungua," akasema. Akatazama. "Hili tunang'oa."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Kuliacha."

Nikaliacha. Niliomba sana majuma yale. Nilimkumbusha Mungu kwamba tarumbeta ile ni kwa utukufu wake, na kwamba ni yeye mwenyewe aliyependa zipigwe, kama ilivyoandikwa katika Zaburi. Habari ya lori sikuigusa.

Msaada ulikuja kutoka upande ambao sikuuombea. Mjini Mbeya kulikuwa na fundi cherehani, Mwislamu, ambaye wazazi wake walitoka pwani. Nilikuwa nimemtengenezea meza ya kukatia vitambaa, na siku nilipoipeleka akanikazia macho.

"Wewe mwana wa misheni, mbona leo unaongea umebana mdomo kama bibi harusi?"

Nikamwonyesha.

"Ala! Na nani kakupiga?"

"Tarumbeta."

Alicheka mpaka akaketi. Alipocheka nikaona kwa mara ya kwanza, au niseme kwa mara ya kwanza niliyoangalia kwa makini, kwamba alikuwa na meno mawili ya dhahabu.

"Sikiliza," akasema. "Hilo haling'olewi. Hilo linavishwa. Yuko Mhindi mmoja Iringa, daktari wa meno. Atakuchonga hicho kisiki kilichobaki, atakipima, atakitengenezea kofia, atakivisha na kukigandisha. Utatafuna nalo mpaka siku ya kuzikwa."

"Kofia ya nini?"

"Ya dhahabu, kama hizi."

"Bwana fundi, mimi ni mtu wa kanisa."

"Na mimi ni mtu wa msikiti. Mwambie Mhindi akuwekee la kanisa, kama analo."

Baba aliponisikia nataka kwenda Iringa kwa ajili ya jino moja alinitazama kama mtu anayetaka kwenda Ulaya kununua kitana. Lakini nilipomwambia ni kwa ajili ya Pasaka, aliingia ndani akaniletea blanketi lake. Mvua zilikuwa zimechacha. Basi lilikwama kabla ya Chimala, likakwama tena baada ya Makambako, na kila mara sisi wanaume tulishuka kusukuma. Tulifika siku ya tatu, nami nilikuwa na tope hadi kwenye nyusi na tarumbeta mgongoni ndani ya blanketi, kwa kuwa nilihofia kuiacha nyumbani.

Daktari alikuwa mzee mfupi mwenye miwani, aliyezaliwa pale pale Iringa. Akanisalimu, "Kamwene!" kama Mhehe halisi. Nikaitikia vile nilivyoweza.

"Wewe si wa huku," akasema.

"Natoka Mbeya."

"Na mgongoni umebeba mtoto?"

Nilipomwonyesha tarumbeta alifurahi kuliko alivyofurahia jino. Alitaka kuona ninavyoiweka kinywani, mdomo unavyobana, jino linavyogusa. Akaniketisha kwenye kiti, akatazama ndani ya kinywa, akagonga kisiki kwa kijiti cha chuma mpaka nikaita jina la Bwana.

"Jino bado li hai," akasema. "Mzizi mzuri."

"Daktari, mimi naomba jeupe."

"Jeupe lipo. La kaure. Nikupime leo, vipimo viende Ulaya kwa meli, lirudi labda mwezi wa saba."

"Pasaka ni Aprili."

"Basi ni dhahabu. Dhahabu naifua mwenyewe."

Nilifumba macho. Nilimwambia Mungu kwamba yeye ni shahidi, sikuitafuta dhahabu hii, nimelazimika. Mungu, ambaye ananijua, hakunijibu lolote, na daktari akachukua ukimya huo kuwa ndiyo.

Akanidunga sindano ya ganzi kwenye ufizi. Mashine yake ilikuwa ya kukanyagia kwa mguu, ndugu kabisa wa cherehani, na nilipokuwa nimelala pale nikisikia ule mkanyago nilimwazia yule fundi wa Mbeya na meno yake. Kile kisiki akakichonga pande zote kikawa chembamba, kama sisi maseremala tunavyochonga ulimi wa mguu wa meza ili uingie kwenye tundu lake. Hapo nikaacha kuogopa. Nilielewa kazi. Nilijua pia kwamba ulimi ukichongwa vibaya meza itacheza maisha yake yote, na niliona jinsi alivyosimama mara kwa mara kupima kwa jicho, akachonga kidogo tena, akapima tena. Kisha akaning'atisha nta laini aliyoipasha moto, akaitoa, akaiangalia kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Rudi baada ya juma moja."

Kuhusu malipo tulipatana hivi. Wagonjwa wake walikuwa wanasubiri wamesimama barazani au wamechuchumaa, na mimi nilikuwa seremala. Juma lile nilitengeneza mabenchi mawili. Nilikaa kwa seremala mwenzangu, Mkatoliki aliyefunzwa misheni ya Tosamaganga, ambaye aliniazima randa na misumeno na kunilisha bila kuuliza mengi, isipokuwa kila nilipokuwa nakunywa chai nikishika shavu alinikumbusha kwamba huko kwao Tosamaganga masista wangening'oa bure.

Siku ya kuvikwa, wagonjwa watano walikuwa wameketi kwenye mabenchi yangu. Daktari alikuwa na kile kitu kwenye kiganja: kidogo, kitupu ndani, kinang'aa. Alikijaribisha, akakitoa, akakipiga msasa, akakijaribisha tena. Kisha akakoroga saruji yake juu ya kioo, nyeupe kama unga wa muhogo, akakijaza, akakisukuma mahali pake na kunishikilia kidevu kwa nguvu.

"Usimeze. Usiseme. Hesabu mpaka mia tatu."

Nilipomaliza akasema, "Sasa piga."

"Hapa?"

"Kama haifai nataka niijue leo, siyo wewe uijue Mbeya."

Nikapiga mstari wa mama. Ulitoka safi, mnyoofu, kama zamani. Nikapiga tena kwa sauti kubwa zaidi kwa sababu ya furaha. Tulipofungua mlango, benchi moja lilikuwa tupu, na kwenye la pili amebaki bibi mmoja kiziwi. Wengine waliona heri waende zao na meno yao.

Njiani kurudi nilikaa upande wa dirisha. Palipokuwa na giza nje, kwenye misitu, kioo kilinirudishia uso wangu, nami nilitabasamu mara kadhaa ili kuhakikisha jino liko imara. Nilihakikisha hivyo kutoka Mafinga hadi Makambako.

Baba alinipokea mlangoni. Alinishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga. "Linauma?" akauliza.

"Hapana, baba."

"Linapiga?"

"Linapiga."

"Basi," akasema, na kwake habari ikaishia hapo. Kwa baraza la wazee wa kanisa ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Waliniita Jumamosi, siku nane kabla ya Pasaka. Wazee wanne waliketi nyuma ya meza niliyoitengeneza mimi. Mwenyekiti alikuwa mzee mrefu ambaye alivaa koti la sufu hata wakati wa jua, na ambaye aliheshimiwa kwa kuwa hakuna mtu aliyekumbuka amewahi kukosea.

"Kijana, cheka," akaniambia.

Si rahisi kucheka kwa amri. Nikafungua midomo tu.

Wakasikitika wote wanne. Mmoja akasema hilo ni pambo la watu wa mjini. Mwingine akasema Mtume Petro ameandika wazi juu ya kujipamba kwa dhahabu, na akafungua Biblia mahali penyewe.

"Lakini hapo Mtume anasema na wanawake," akasema yule wa kwanza, aliyependa haki.

"Basi na ahamie kuketi upande wa wanawake," akajibu yule mwenye Biblia.

"Wazee wangu," nikasema, "nilitaka jeupe. Jeupe lingefika mwezi wa saba. Nilivunjika jino nikiwa kwenye kazi ya bendi, na jino hili nimelitafuta kwa ajili ya Pasaka."

"Litoe," mwenyekiti akasema.

"Halitoki, mzee. Limegandishwa kwa saruji."

"Dhambi zinatoka, itakuwa saruji?"

Wakaniambia ningoje nje. Nikakaa chini ya dirisha, na kwa kuwa dirisha nalo nililitengeneza mimi, nilijua kwamba halifungi vizuri. Nikasikia wakipima kunisimamisha bendi hadi baraza la mwezi wa sita. Mwezi wa sita mama angekuwa ameshasomwa, na mstari wake ungepigwa na mtu mwingine. Nilitamani kuingia na kuwaambia kweli yote ya lori, kwamba kiburi walichokuwa wanakitafuta kwenye dhahabu kilikuwa kimeanza wakati jino bado ni mfupa. Sikuingia. Niliogopa kwamba wangenielewa.

Mwalimu wa bendi ndiye aliyeniokoa. Alipita, akaniuliza nimekaa hapo kwa nini, kisha akabisha hodi na kuingia. Nikamsikia akisema, "Wazee, mtu anayepiga tarumbeta hufunga mdomo. Hiyo dhahabu mtaionaje?"

Kisha nikaitwa ndani na tarumbeta yangu.

Nilipiga mstari wote nimesimama katikati ya chumba. Wazee wanne waliinuka wakanizunguka, wakiinama kunitazama kinywa kutoka kushoto na kulia. Mmoja alichuchumaa akatazama kwa chini, akakaa hivyo mpaka nilipomaliza.

"Haionekani," akatoa taarifa.

Uamuzi uliandikwa siku hiyo hiyo. Nitapiga, lakini sitaimba. Wala sitacheka katika viwanja vya kanisa. Hayo yataendelea mpaka baraza litakapoamua vingine. Mimi mwenyewe sasa ni mzee wa baraza hilo kwa miaka mingi, nimeyasoma madaftari yote, na sijaona mahali lilipoamua vingine. Juma lile wenzangu wa bendi, ambao hawakuwa wamewahi kuwa wachekeshaji, walijitahidi sana kila tulipovuka lango la kanisa.

Alfajiri ya Pasaka ilikuja bila mvua. Ukungu ulikuwa umelala mabondeni, na taa zilipanda kilimani kwa mstari mrefu. Tulisimama upande wa mashariki wa makaburi, nikiwa mwisho wa safu, na baba alikuwa hatua chache kutoka kwangu, amevua kofia. Kaburi la mama lilikuwa bado na udongo mwekundu. Mchungaji akaanza kusoma. Jina la kwanza, mzee wa kijiji cha jirani: nikapiga, likaenda vizuri. Jina la pili, mtoto mchanga: nikapiga. Jino lilikaa kama mwamba. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya Mhindi yule, kwa ajili ya fundi cherehani, hata kwa ajili ya lile shimo la barabarani.

Kisha likasomwa jina la mama.

Nikainua tarumbeta. Pumzi nilikuwa nayo, na jino lilikuwepo. Midomo ndiyo iliyokataa. Ilitetemeka tu, kama ya mtoto aliyetoka mtoni, na nilipoibana ikatoka sauti ya hewa tupu. Katika safari yote ile, katika tope na ganzi na baraza, halikunipitia wazo kwamba huenda nikalia. Nikajaribu mara ya pili. Hakuna kitu. Pembeni yangu mwalimu wa bendi, aliyekuwa akipiga sauti ya pili, bila kugeuza kichwa akahamia kwenye mstari wangu na kuupiga wote, taratibu, mpaka mwisho.

Watu wakaanza ubeti. Nilikuwa nimeteremsha tarumbeta, mikono yangu haina kazi, na mama yangu alikuwa anaimbiwa mara moja tu. Nikaimba. Niliimba sauti ya nne kwa mdomo wote, machozi yananiingia humo humo, na jua likachomoza juu ya kilima upande ule tuliotazama. Sijui lilimulika nini. Niliona tu watoto wa mstari wa mbele wameacha kuimba wakinitazama.

Ibada ilipokwisha mwenyekiti wa baraza alinijia na koti lake.

"Nimekuona," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Ulifungua mdomo wote."

"Ndiyo, mzee."

Akafunga vifungo vya koti. "Sauti ya nne inashuka kwenye neno la mwisho," akasema. "Wewe ulipanda." Akaenda zake.

Nilishuka kilima pamoja na baba. Masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka miaka ile, na macho yake asubuhi hiyo yalikuwa yamejaa kama yangu. Tulitembea mpaka tulipofika kwenye kijito. Hapo akasimama, akanishika bega.

"Umempigia vizuri mama yako," akasema. "Neno kwa neno. Nimekusikia."

Nilifungua mdomo nimweleze. Kisha nikaona alivyotulia uso, kwa mara ya kwanza tangu Agosti.

"Asante, baba," nikasema.

Aliishi miaka mingine kumi na moja, na habari ile aliisimulia kwa wageni wote. Sikumsahihisha. Nimeliungama jambo hilo kwa Mungu mara nyingi, na kila mara nikimaliza kuungama najikuta nashukuru.